Michezo ya video ilivyoingia Linux: safari ya miaka thelathini, na maana yake kwa kompyuta za Kasongo

KASONGO, Maniema. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, lakini mlango wa matengenezo ya usalama ulifungwa kwa yeyote ambaye hakujiandikisha kwa muda wa nyongeza. Windows 11, iliyokuja kuchukua nafasi yake, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine nyingi za zamani hazina vitu hivyo.

Kwa Kasongo na Kabambare, ambako kompyuta nyingi hufika zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine, habari hiyo si ya mbali. Katika maduka ya kuchapa na kufotokopi, flashi moja hupita mikononi mwa watu kumi kwa siku, na virusi hupita pamoja nayo. Mashine isiyopata matengenezo inakuwa kama nyumba isiyo na mlango.

Dawa moja inajulikana tangu zamani: kuweka Linux, mfumo wa bure ambao mashine ya miaka kumi bado inaweza kuubeba. Lakini kijana akielezwa hivyo, swali lake la kwanza si kuhusu virusi wala leseni. Anauliza: «Inacheza gemu?»

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana, au lilikuwa ndiyo ya shingo upande. Leo jibu limebadilika sana. Namna lilivyobadilika ni historia inayofaa kujulikana hapa, kwa sababu ndani yake mna sehemu inayomfaa mtu wa Kasongo na sehemu isiyomfaa, na watu huzichanganya.

Mfumo usio na mwenye kuufunga

Linux ilianza mwaka 1991. Mwanafunzi wa Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta na kukiweka wazi ili wengine wakisome, wakirekebishe na kukigawa. Kiini hicho kiliungana na programu za mradi wa GNU, ambao Mmarekani Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Muungano huo ulizaa mfumo kamili ambao mtu yeyote anaweza kuunakili bila kuiba.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, aina ya Linux iliyokusudiwa mtu wa kawaida. Jina lenyewe halihitaji tafsiri kwa msemaji wa lugha ya Kibantu: ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ilituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo kwa mtu yeyote duniani aliyeziomba. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Kwa kazi za kuandika barua na kupiga hesabu, mfumo wa bure ulikuwa tayari kuhudumia Afrika ya Mashariki na Kati.

Michezo ilibaki nyuma. Sababu yake inaeleweka vizuri mahali kama Kasongo.

Shida ilikuwa ya lugha

Mchezo wa video hauongei na mashine moja kwa moja. Unauomba mfumo: chora pembetatu hii, piga sauti hii, soma kidole kilichobonyeza hapa. Kila mfumo una maneno yake ya kuombwa. Mwaka 1995 Microsoft ilileta DirectX, mkusanyiko wa maneno ya namna hiyo kwa ajili ya Windows, na watengenezaji wengi wa michezo wakaandika kwa lugha hiyo. Mchezo ulioandikwa kwa DirectX ukiwekwa kwenye Linux ni kama mgeni anayeingia sokoni akinadi bidhaa kwa lugha ambayo hakuna anayeisikia. Bidhaa ni nzuri, soko limejaa watu, lakini biashara haifanyiki.

Kasongo ilijua shida hiyo kabla ya umeme. Katika karne ya 19, Tippu Tip alipoufanya mji huu kuwa makao yake, misafara ya biashara na ya watumwa ilikutanisha watu wa pwani, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengine wengi. Hakuna aliyejifunza lugha zote. Kiswahili kikakaa katikati, kikawa lugha ya kuvusha maneno kutoka upande mmoja hadi mwingine. Misafara ile ilileta maumivu makubwa na iliisha. Baada ya majeshi ya Dola Huru la Kongo kuuteka mji mwaka 1893, lugha ya katikati ilibaki.

Katika historia ya michezo kwenye Linux, watu walijaribu njia tatu. Ya kwanza ni kumfundisha mgeni lugha mpya, yaani kuuandika upya mchezo wenyewe. Ya pili ni kutengeneza bidhaa za nyumbani, yaani michezo iliyozaliwa ndani ya mfumo wa bure. Ya tatu ni kumweka mkalimani katikati. Njia ya tatu ndiyo iliyoshinda, lakini ilichukua miaka 25.

Doom: mchezo uliogawiwa kwanza

Tarehe 10 Desemba 1993 kampuni ndogo ya Marekani, id Software, ilitoa mchezo uitwao Doom. Namna ulivyoenea ndiyo inayostahili kuangaliwa. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure, na kila mtu aliruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Aliyetaka sehemu zilizobaki alilipa. Disketi zilipita mkono kwa mkono, kama flashi zinavyopita leo katika mitaa ya Kasongo.

Mwaka 1994 mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo, Dave Taylor, aliuhamishia mchezo huo kwenye Linux. Soko halikumsukuma kufanya hivyo, maana watumiaji wa Linux wakati huo walikuwa wachache sana. Aliupenda mfumo na alijua kazi hiyo inawezekana.

Miaka michache baadaye kazi hiyo iliyoonekana ya kujifurahisha ilizaa tunda kubwa. Mwezi Desemba 1997 John Carmack, mkuu wa waandishi wa programu wa kampuni hiyo, aliamua kuufungua msimbo wa Doom ili watu wausome. Toleo la awali, la DOS, lilitumia programu ya sauti iliyokuwa mali ya mtu mwingine, hivyo halikuweza kutolewa. Toleo lililofunguliwa likawa la Linux. Mwaka 1999 msimbo huo ulipewa leseni ya GPL, ambayo inamruhusu kila mtu kuutumia, kuubadilisha na kuugawa, mradi naye asiwafungie wengine.

Ndiyo maana Doom imewekwa kwenye vifaa vya kila aina, simu, kamera, hata mashine za kuchapa. Lakini kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Msimbo uko huru. Picha, sauti na ramani za mchezo wa awali bado zina mwenyewe. Watu waliotaka mchezo mzima uwe huru walilazimika kuchora upya kila kitu, na kazi hiyo ikaitwa Freedoom. Somo ni hili: mchezo una injini na una nguo, na kupewa injini si kupewa nguo.

Loki: duka lililofungwa, chombo kilichobaki

Mwaka 1998 Mmarekani Scott Draeker alianzisha kampuni iitwayo Loki Software. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza: kuchukua michezo iliyouzwa vizuri kwenye Windows, kulipia ruhusa, kuihamishia kwenye Linux na kuiuza katika maboksi. Ya kwanza ilikuwa Civilization: Call to Power, mwaka 1999. Zikafuata Myth II, Heroes of Might and Magic III, Quake III Arena na nyingine.

Kazi yao ilisifiwa, lakini mauzo hayakutosha. Mchezo wa Linux ulifika dukani miezi mingi baada ya ule wa Windows, na wapenzi wengi wa Linux walikuwa wameweka mifumo yote miwili katika mashine moja. Mtu mwenye hamu hakusubiri. Alinunua toleo la Windows. Mwezi Agosti 2001 Loki iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na Januari 2002 ikafunga milango.

Hata hivyo kampuni hiyo haikufa bila urithi. Mmoja wa waandishi wake wakuu, Sam Lantinga, alikuwa ameanza mwaka 1998 kutengeneza chombo kiitwacho SDL. Kazi ya SDL ni kumpa mtengenezaji wa michezo maneno yaleyale ya kuomba picha, sauti na vitufe, awe kwenye Windows, Linux au mfumo mwingine. Loki ilipozimika, SDL iliendelea, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi na hakuna mdai aliyeweza kuubeba. Leo iko ndani ya michezo isiyohesabika, na mtengenezaji wake atarudi katika habari hii.

Michezo ya nyumbani

Wakati wafanyabiashara wanahesabu hasara, watu wa kujitolea walikuwa wanajenga michezo yao wenyewe. Mwaka 2000 ulitoka Tux Racer, mchezo wa pengwini anayeteleza juu ya theluji. Mwaka 2002 ulifuata Frozen Bubble, na mwaka 2003 David White alianzisha Battle for Wesnoth, mchezo wa vita unaochezwa kwa zamu, ambamo akili inashinda wepesi wa vidole. SuperTuxKart, mashindano ya magari madogo, ulikuja kushika nafasi ya pekee kwa sababu watu kadhaa wanaweza kuucheza pamoja katika kioo kimoja.

Waliotazama picha tu waliidharau michezo hii, kwa kuwa haikuwa na fedha za kampuni kubwa nyuma yake. Lakini ilikuwa na sifa tatu ambazo michezo ya dukani haikuwa nazo: haikuhitaji kadi ya benki, haikuhitaji intaneti baada ya kuwekwa, na kuinakilia jirani hakukuwa wizi.

Katika eneo la Maziwa Makuu, mfano wa karibu zaidi wa mchezo mkubwa kuingia mfumo wa bure ulihusu kompyuta za watoto. Mradi wa kimataifa wa One Laptop per Child, uliotaka kila mtoto awe na kompyuta, ulitengeneza mashine ndogo iitwayo XO. Ilikuwa na prosesa ya 433 MHz na megabaiti 256 za kumbukumbu, na mfumo wake ulikuwa Linux. Mwaka 2007 kampuni ya Electronic Arts iliupa mradi huo mchezo wa SimCity, kazi ya Will Wright ya mwaka 1989, ambamo mchezaji anajenga mji: anapanga barabara, anavuta umeme, anatoza kodi na kuona wakaaji wakija au wakihama. Januari 2008 msimbo wake ulifunguliwa kwa leseni ya GPL. Jina la SimCity likabaki kuwa mali ya kampuni, na mchezo uliofunguliwa ukaitwa Micropolis.

Mwaka huohuo wa 2008 Rwanda iliingia katika mradi wa XO, na katika miaka iliyofuata ikagawa mashine zaidi ya 200,000 mashuleni. Mradi ulikuja kulaumiwa kwa mambo kadhaa, hasa kwamba mashine zilitangulia mafunzo ya walimu na umeme wa shule. Lakini ulionyesha kwamba mchezo uliozaliwa katika duka la Marekani unaweza kufunguliwa na kuandaliwa kwa kompyuta dhaifu ya mtoto wa Afrika ya Kati, bila mtu kulipia nakala.

Mkalimani aitwaye Wine

Njia ya tatu ilianza kimyakimya. Mwaka 1993 watu wachache, wakiongozwa na Bob Amstadt, walianza programu iitwayo Wine. Tangu 1994 inaongozwa na Alexandre Julliard. Wine haiigi kompyuta nzima ya Windows ndani ya Linux. Inafanya kazi ya mkalimani: mchezo ukisema neno la Windows, Wine inalisikia na kulitamka kwa Linux papo hapo. Mchezo haujui kwamba umevuka mpaka.

Ukalimani huo ulikuwa mgumu kwa sababu msimbo wa Windows umefungwa. Watu wa Wine walilazimika kujaribu neno moja baada ya jingine, kutazama Windows inajibu nini, kisha kuandika upya jibu hilohilo kwa mikono yao. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baada ya kuanza. Kampuni ya CodeWeavers iliwaajiri baadhi yao, na hivyo kazi iliendelea. Lakini kwa mchezaji wa kawaida Wine ilikuwa bahati nasibu. Mchezo mmoja uliitika, wa pili ulionyesha kioo cheusi, wa tatu ulitaka usiku mzima wa kubadilisha mipangilio.

Kabla ya mkalimani kukomaa, tukio moja liliwaonyesha wafanyabiashara kwamba wateja wapo. Mwezi Mei 2010 kundi la watengenezaji wadogo liliuza michezo yao kwa pamoja chini ya jina la Humble Indie Bundle, na mnunuzi alijipangia bei. Zilikusanywa zaidi ya dola milioni 1.2. Watumiaji wa Linux, waliodhaniwa kuwa watu wa vya bure, walilipa kwa wastani karibu mara mbili ya watumiaji wa Windows.

Valve: hofu ya kufungiwa mlango

Aliyebadilisha mambo kwa kweli ni Gabe Newell. Alifanya kazi Microsoft kwa miaka 13 kabla ya kushiriki kuanzisha kampuni ya Valve mwaka 1996. Valve ina duka la michezo kwenye intaneti liitwalo Steam, na karibu wateja wake wote walikuwa kwenye Windows. Mwaka 2012 Microsoft ilikuwa inakaribia kutoa Windows 8, yenye duka lake ndani. Newell alisema hadharani kwamba mfumo huo ni janga kwa watu wa kompyuta. Hofu yake ilikuwa ya mchuuzi aliyejenga kibanda katika kiwanja cha mwenzake: siku mwenye kiwanja akifungua duka lake, wewe utakwenda wapi?

Valve ikatafuta kiwanja kisicho na mwenyewe, na kiwanja hicho kilikuwa Linux. Mwaka huohuo ilimwajiri Sam Lantinga, yule wa SDL. Agosti 2012 ilitangaza kwamba mchezo wake Left 4 Dead 2, baada ya kurekebishwa, ulitoa picha 315 kwa sekunde kwenye Ubuntu, wakati mashine ileile ilitoa picha 270 kwenye Windows 7. Tarehe 14 Februari 2013 Steam ilifunguliwa rasmi kwa Linux.

Kisha ikaja aibu. Novemba 2015 zilitoka Steam Machines, kompyuta za sebuleni zenye Linux, zilizotengenezwa na kampuni mbalimbali. Hazikununuliwa. Valve ilikuwa imerudia kosa la Loki: ilitegemea watengenezaji waandike upya michezo yao kwa ajili ya wateja wachache, na wateja nao walisubiri michezo iwe mingi. Kila upande ulimngoja mwenzake.

Safari hii kampuni ilirudi kwa mkalimani. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Februari 2016 ilitoka Vulkan, lugha mpya ya picha iliyo wazi kwa mifumo yote. Baadaye Philip Rebohle, aliyetaka kucheza mchezo mmoja tu kwenye Linux, alianza kuandika DXVK, programu inayotafsiri DirectX kuwa Vulkan kwa kasi kubwa. Valve ilimlipa, ikawalipa pia watu wa CodeWeavers, ikaunganisha kazi zao na Wine. Tarehe 21 Agosti 2018 ilitoa Proton, huku ikithibitisha michezo 27 ya kwanza. Mchezaji hakuhitaji tena kukesha na mipangilio. Alibonyeza kitufe cha kucheza.

Februari 2022 ilitoka Steam Deck, mashine ya kushika mkononi yenye Linux, kwa bei ya kuanzia dola 399. Wengi walioinunua hawakujua wala kujali kwamba ndani mna Linux. Maelfu ya michezo ya Windows yalikuwa yanachezeka juu yake. Mwishoni mwa 2025 hesabu za Steam zilionyesha kwamba watumiaji wa Linux wamepita asilimia 3 ya wateja wake. Ni sehemu ndogo, lakini kwa miaka mingi ilikuwa karibu asilimia 1.

Milango ambayo bado imefungwa

Mkalimani hawezi kuingia mahali anapokatazwa. Michezo mingi ya mashindano kwenye intaneti ina programu za kuzuia udanganyifu, zinazochungulia ndani kabisa ya mfumo. Watengenezaji wa baadhi ya programu hizo walitangaza mwaka 2021 kwamba wanakubali Proton, lakini uamuzi ni wa mwenye mchezo. Fortnite na Valorant hazichezeki kwenye Linux. Apex Legends ilikuwa inachezeka, na mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakaufunga mlango, wakisema wadanganyifu wanapitia huko. Aliyekuwa ameulipia vitu ndani ya mchezo huo kwenye Linux aliamka akiwa nje.

Hapo inaonekana tofauti kati ya mchezo unaochezeka na mchezo ulio wako. Mfumo ni huru, mkalimani ni huru, lakini mchezo wenyewe bado una bwana, na bwana anaweza kubadilisha kufuli usiku.

Hesabu ya Kasongo

Basi kijana wa Kasongo aliyeuliza «Inacheza gemu?» ajibiwe nini?

Akiulizia michezo mikubwa ya sasa, jibu la haki ni kwamba Linux siyo kikwazo chake tena. Vikwazo viko kwingine. Mchezo mmoja wa leo unaweza kupita giga 50. Kwa mtu anayenunua mega kidogokidogo kwenye simu, huo ni mzigo wa miezi. Proton inahitaji kadi ya picha inayoijua Vulkan, na matoleo ya DXVK ya tangu mwishoni mwa 2022 yanadai Vulkan 1.3, ambayo kompyuta nyingi za mtumba hazinayo. Steam nayo inaweza kucheza bila intaneti, lakini lazima mtu aingie kwanza akiwa kwenye intaneti. Wakongo hawajasahau kwamba kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Mchezo unaotaka ruhusa kutoka Marekani kila ukiwashwa ulikuwa umekufa siku hizo, hata kama ulilipiwa.

Jenereta na paneli za jua pia zina neno lao. Mashine yenye kadi kubwa ya picha inakula umeme ambao kompyuta ndogo ya mkononi ingeutumia siku nzima.

Lakini akiulizia michezo ya kucheza tu, pamoja na ndugu na rafiki, jibu ni ndiyo, na limekuwa ndiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Battle for Wesnoth, Frozen Bubble na Freedoom haziombi kadi kubwa. SuperTuxKart inataka nguvu kidogo zaidi, lakini mipangilio yake inaweza kupunguzwa. Kila mmoja wa michezo hii unaenea katika flashi ya kawaida na nafasi inabaki. Mtu mmoja akiushusha mara moja mahali penye mtandao mzuri, Kindu, Bukavu au Goma, anaweza kuuleta Kasongo mfukoni, na kutoka Kasongo ukafika Kabambare kwa pikipiki. Aliyeupokea ana haki sawa na aliyeuleta: kuucheza, kuunakili, hata kuufungua aone umetengenezwaje. Kwa watoto wadogo ipo Tux Paint, programu ya kuchora ya mwaka 2002, ambayo ilitafsiriwa hata kwa Kiswahili.

Haki hiyo ya mwisho, ya kuufungua, ndiyo ambayo mkalimani wa Valve hawezi kumpa mtu. Philip Rebohle alianza kwa kutaka kucheza, akakuta mchezo hauendi, akaandika mwenyewe programu ya kuutafsiri. Katika mfumo uliofungwa, mchezo usipoenda mtu hungoja kampuni. Katika mfumo ulio wazi anaweza kuangalia mwenyewe. Chuo Kikuu cha Kasongo na shule za mji huu zina vijana ambao tayari hufungua simu zilizokufa na kuzirudisha zikiwa hai kwa bisibisi. Msimbo wa Doom unapatikana bure, na kuusoma hakuhitaji kadi ya picha.

Kwa sasa kompyuta zenye Windows 10 bado ziko kwenye meza za maduka ya kuchapa, zikiendelea kuzeeka bila matengenezo. Wenye nazo wana hiari tatu: kuziacha zilivyo, kutafuta fedha za mashine mpya, au kuzipa mfumo mwingine. Sababu iliyowazuia vijana wengi kukubali hiari ya tatu, kwamba Linux haichezi gemu, ilikuwa ya kweli zamani. Haipaswi tena kuamua hatima ya mashine nzima.